Kizunguzungu au Kupepesuka? Namna Tulivyomtafuta Bingwa

Wahariri wa kitabu hiki walinitaka niandike tena juu ya masomo ya Jumamosi ya watoto wetu, kama nilivyofanya miaka iliyopita. Mwaka huu nimewaomba radhi. Liko jambo jingine ambalo jamaa wasiopungua kumi, kutoka Muscat mpaka Toronto, wameniuliza kwa simu, na kila mmoja nimemjibu kipande kipande. Basi nimeona afadhali niliandike lote kwa mara moja, mwenye kulihitaji alikute. Mke wangu amenipa ruhusa, kwa sharti nisimfanye kizee.

Jambo lenyewe ni ugonjwa wa Parkinson. Au niseme sawasawa: ni ule muda mrefu ambao mtu hajaambiwa kuwa anao, wala hajaambiwa kuwa hana. Ugonjwa ukishajulikana una dawa zake na watu wake. Tabu ni kabla ya hapo, wakati kila anayeingia mlangoni ana jina lake la maradhi, huyu anasema baridi yabisi, yule anasema jicho la watu, wa tatu anasema uzee.

Jina hili ni la daktari wa Kiingereza, James Parkinson, aliyekuwa akikaa Hoxton, mtaa wa London ambao baadhi yenu mnapita kila siku kwenda kazini. Mwaka 1817 alitoa kitabu kidogo juu ya watu sita aliowaona wakitetemeka na kutembea kwa kuinama, na baadhi yao hakuwaona popote ila njiani. Baadaye Mfaransa Charcot ndiye aliyetaka maradhi yaitwe kwa jina la Parkinson. Kinachotokea ni kwamba chembe fulani ndani kabisa ya ubongo zinakufa kidogo kidogo, nazo ndizo zinazotengeneza dopamini, kitu ambacho ubongo unakitumia kuamrisha mwili uende bila ya kuufikiria. Dalili zinapoonekana, sehemu kubwa ya chembe hizo huwa zimeshakwenda. Shirika la Afya la Dunia lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa na ugonjwa huu duniani.

Na msidhani kuwa ni maradhi ya Wazungu. Chuoni kwetu alikuwako maalim mmoja mzee, Mungu amrehemu, ambaye kidole gumba chake kilikuwa hakiachi kusugua kidole cha shahada, mchana kutwa. Sisi watoto tulikuwa tukiambizana kuwa anavuta tasbihi isiyoonekana na macho ya watu. Akinyanyua mkono kushika bakora mtetemo ulikuwa ukikatika, na bakora ikifika ilipokusudiwa. Leo najua kuwa mkono unaotetemeka ukiwa umepumzika na kutulia unapofanya kazi ni alama mojawapo kubwa ya ugonjwa huu. Mkono unaotetemeka pale unaposhika kikombe, na zaidi ukiwa ni mikono yote miwili na baba wa mtu naye alikuwa hivyo hivyo, mara nyingi ni kitu kingine kabisa, na dawa zake ni nyingine.

Kwa mke wangu kutetemeka hakukuwa kwa mwanzo. Cha mwanzo kilikuwa harufu. Alifukiza udi Ijumaa moja ya mwaka 2020 akauliza mbona umekufa, na nyumba nzima ilikuwa inanukia. Kisha usingizi: akawa anapiga mateke na kusema kwa sauti, yeye ambaye miaka yote alikuwa akilala kama jiwe. Kisha maandishi, na hapa jicho la mwalimu lilifaa. Karatasi ya vitu vya sokoni anayonipa kila wiki ilianza na herufi za kawaida, na kufika kwenye nazi na bizari herufi zimekuwa kama chungu sisimizi. Mkono wake wa kulia ukawa hauendi mbele na nyuma anapotembea, unaning'inia tu.

Lakini kilichomuumiza zaidi ni uso. Uso unakuwa mzito, hauchangamki, na macho hayapepesi kama kawaida. Kwenye harusi moja ya jamaa zetu alikaa na wanawake wenziwe, na siku ya pili tukaletewa habari kwamba amenuna, kwamba siku hizi anajiona. Alilia. Mnaosoma hapa mkakumbuka harusi hiyo, hajawawekea neno moyoni, ila mlijue.

Sasa nije kwenye madaktari. Wa kwanza, daktari wa mtaani kwetu, alitazama bega la kulia akasema limekaza, nalo kweli lilikuwa limekaza, akampeleka kwa wanyoosha viungo. Nimesikia baadaye kuwa bega zito ni mlango ambao wagonjwa wengi wa Parkinson wanaingilia, wanatibiwa bega miezi mingi. Mara ya pili tuliambiwa ni umri. Mara ya tatu, mwaka 2022, tulimpata daktari mwanamke kijana katika nyumba ile ile ya matibabu. Huyu alimwambia atembee mpaka mlangoni na arudi, akamtaka agonganishe kidole gumba na cha shahada upesi upesi, mkono huu na huu. Akasema: "Siwezi kusema ni nini, lakini nataka aonwe na anayejua." Akaandika barua ya rufaa siku ile ile, na dawa hakutoa.

Hapo nyumba iliwaka moto. Watoto wanauliza, dada yangu anauliza, mbona daktari hakumpa wifi yangu dawa hata kidonge kimoja? Naeleza hapa kwa sababu nalisikia jambo hili katika kila familia. Katika Uingereza uongozi wanaoufuata madaktari, uliotolewa mwaka 2006 na kutolewa upya mwaka 2017, unasema kwamba anayeshukiwa kuwa na Parkinson apelekwe upesi kwa bingwa mwenye ujuzi wa kuyatenganisha maradhi haya na yanayofanana nayo, tena apelekwe bila ya kuanzishwa dawa. Sababu yake ni wazi. Hakuna kipimo cha damu kinachoyathibitisha. Bingwa anayajua kwa kutazama na kuuliza, na dawa ikitangulia inamfichia kile anachotaka kukitazama. Ni kama mwanafunzi aliyesahihishiwa daftari na kaka yake kabla mwalimu hajaliona. Kwa hiyo daktari anayekupa barua bila ya dawa huenda ndiye aliyekutendea haki.

Tulingoja wiki kumi na saba. Katika wiki hizo tuliketi baraza mara mbili, nusu ya watu sebuleni na nusu kwenye simu. Shemeji yangu wa Muscat alishatafuta tikiti za India. Mama mkwe alileta kombe, nikalipokea kwa mikono miwili na mke wangu akalinywa, kwa sababu dua haina ugomvi na daktari, na Mtume wetu (S.A.W.) ametutaka tuombe na tutafute tiba pamoja. Mpwa wangu mmoja alisema tuchange tulipie daktari wa binafsi, na tayari alikuwa na jina mkononi. Nikamwomba aulize huyo daktari hasa anatibu nini. Ikaja kuonekana ni bingwa wa uti wa mgongo, mtu mwenye sifa kubwa, lakini si wa shughuli yetu.

Hili ndilo ninalotaka jamaa walishike kabla ya kutoa fedha au kukata tikiti. Neno "bingwa" peke yake halitoshi, na hata "bingwa wa mishipa ya fahamu" halitoshi, kwani mmoja kazi yake kifafa, mwengine kazi yake kuumwa na kichwa. Ulizeni kama anaendesha kliniki ya Parkinson na maradhi ya mwendo wa mwili. Katika nchi hii wengine wenye ujuzi huo si wa mishipa ya fahamu hata kidogo, ni madaktari wa wazee, na kliniki zao huwa na nesi maalumu wa Parkinson ambaye ndiye mtampigia simu pale daktari hapatikani. Anayelipa kuonwa mara moja kwa haraka si mjinga, naweza kumwelewa. Lakini maradhi haya ni ya miaka, na mtu anahitaji mlango atakaoubisha tena baada ya miezi sita, na baada ya miezi sita mingine. India usiku wa manane huwezi kuibisha hodi.

Muda wa kungoja hatukuupoteza. Niliandika ukurasa mmoja, si zaidi, wa nini kilianza mwaka gani na upande gani wa mwili. Binti yetu alimpiga picha za simu akitembea, akifunga vifungo, akichambua mchele. Na tuliomba mkalimani. Mke wangu Kiingereza anakijua cha dukani na cha majirani, na mkalimani hospitalini hapa halipiwi na mgonjwa. Watoto walitaka watafsiri wenyewe. Nikawauliza: mtamtafsiria mama yenu akiulizwa habari za choo na za kitandani? Wakanyamaza.

Siku ya miadi mkalimani alikuwa kijana wa Goma, mpole, Kiswahili chake safi ila si chetu. Na hapa ndipo lilipotokea la ajabu. Bingwa alimwuliza mke wangu habari za kizunguzungu, kwa sababu neno hilo kwa Kiingereza lilikuwamo kwenye karatasi zake tangu zamani. Yule kijana, kwa vile hakuwa na hakika na Kiswahili cha pwani, hakutafsiri moja kwa moja. Alimwuliza: "Mama, ni dunia inazunguka, ao ni weye unayumba?" Mke wangu akajibu: "Dunia imetulia. Mimi ndiye napepesuka." Kijana akaipeleka kama ilivyo, na bingwa akaweka kalamu chini.

Kwetu sisi kizunguzungu kinabeba mambo matatu. Liko lile la vitu kukuzunguka, ambalo mara nyingi linatoka sikioni. Liko la kuingia kiza machoni ukisimama ghafla, ambalo linatokana na damu kushuka. Na liko la kupepesuka, kwamba kichwa kizima, miguu ndiyo haina amani. Mwenye Parkinson anaweza kuwa na la pili na la tatu, na anayeyaita yote kwa neno moja anapewa dawa ya la kwanza.

Naye alikuwa amepewa. Bingwa alisema: "Nionyesheni dawa zote." Si zile tu zilizomo kwenye kompyuta yake, bali zote. Tulikuja na mfuko mzima wa plastiki, kwa sababu barua ya miadi ilisema hivyo. Humo mlikuwa na dawa ya presha, dawa ya sukari, habasoda, na kisanduku cha vidonge ambavyo aliandikiwa mwaka 2017 katika kliniki moja ya kulipia kwenye Ghuba, tulipokuwa ziarani, akaambiwa ameze kila siku kwa ajili ya kizunguzungu. Tangu hapo kila jamaa aliyekuja alikuwa akituletea visanduku viwili vitatu kama zawadi, pamoja na halua. Daktari gani wa hapa angejua? Wote walikuwa wakiuliza wamemwandikia nini wao.

Dawa yenyewe ni sinarizini. Kwa Kizungu jina lake kisandukuni linaanzia na herufi C, na nchi nyingi, hata Uingereza, inauzwa bila ya cheti kwa wanaotapika safarini. Kwa safari ya siku moja haina neno kubwa. Mtu mzima akiimeza kila siku kwa miaka inaweza kuizuia dopamini isifanye kazi yake, akatetemeka, akakaza, akatembea kwa kuburura miguu, na asiwe na Parkinson hata kidogo. Kadhalika proklorperazini, inayotolewa kwa kizunguzungu na kutapika, na metoklopramidi ya kutapika, na haloperidoli na baadhi ya dawa nyingine za akili. Hizi tatu za mwisho mgonjwa wa Parkinson asipewe hata akilazwa kwa jambo jingine, na familia ndiyo iseme. Bali mtu asikurupuke kuacha dawa aliyoandikiwa, ya akili hasa, bila ya kumwuliza aliyeiandika.

Mnaweza kudhani kuwa hapo tulifurahi. Tulifurahi, tena sana. Shemeji wa Muscat alichinja. Bingwa hakufurahi wala hakununa. Aliendelea na kazi yake. Alimkunja mkono na kuukunjua, akamsimamisha na kumvuta mabega kwa nyuma aone kama atajishika, akamwambia achore mviringo kama konokono. Mwisho akamtaka aandike sentensi yoyote, kwa lugha yoyote. Mke wangu aliandika Bismillahi kwa hati tuliyosomeshwa chuoni. Bingwa hajui alifu wala bee, lakini alifuata mstari kwa kidole kutoka kulia kwenda kushoto akaona namna herufi zinavyodidimia. "Hii," alisema, "ni lugha ninayoisoma." Kisha akaeleza: sinarizini iachwe leo. Athari yake inaweza kuchukua wiki au miezi kuondoka. Tuonane baada ya miezi sita. Kitakachobaki, tutakiuliza kimetoka wapi.

Miezi sita ile ilikuwa mirefu kuliko wiki kumi na saba. Uso ulirudi, Alhamdulillah, nusu yake au zaidi. Akacheka kwenye simu na dada yake nikasimama jikoni kusikiliza. Hatua zikawa ndefu. Mguu wa kushoto haukuburura tena. Lakini mkono wa kulia ulibaki kama ulivyo, na harufu haikurudi. Nilikuwa nikiutazama mkono ule kila alfajiri, kabla hajaamka, kama mtu anayetazama mwezi muandamo na mawingu yamejaa.

Kwa hiyo mwaka 2024 alifanyiwa picha maalumu ya ubongo. Kwanza alipewa iodini ya kuilinda tezi ya shingo. Kisha sindano mkononi, kisha kungoja saa chache dawa ifike inakokwenda, kisha kulala bila ya kutikisika chini ya mashine zaidi ya nusu saa. Picha hii haiwezi kusema kila kitu. Yako maradhi mengine machache yanayotoa picha kama ya Parkinson. Lakini mtetemeko unaotokana na dawa kama ile, au ule wa kurithi, picha yake hutoka nzima. Tulipoitwa bingwa aliiweka mbele yetu. Ubongo mzima, alisema, unaonyesha alama mbili za mkato, moja kila upande. Wa mke wangu ulikuwa na mkato uliochakaa upande mmoja na nukta upande wa pili, na upande wenye nukta ni wa kushoto, ambao ndio unaouamrisha mkono wa kulia.

Nimesomesha alama za vituo miaka mingi. Sikupata kuziogopa ila siku hiyo.

Yalikuwa yote mawili, basi. Dawa ilikuwa imejipandisha juu ya ugonjwa, na ugonjwa ulikuwa chini yake. Kwa maneno ya bingwa, kuacha vidonge vile kumemrudishia miaka, na sasa kilichobaki kinajulikana ni nini na kitatibiwa kama kilivyo. Ameanza levodopa, dawa iliyothibitika tangu miaka ya sitini na mpaka leo hakuna iliyoishinda. Alianza kwa kipimo kidogo, akakiongezewa polepole, anakunywa nusu saa kabla ya chakula, kwani nyama na maharage hushindana nayo tumboni. Ina saa zake. Ikichelewa mwili unajua, na kuikata ghafla ni hatari. Shirika la Parkinson's UK, lililoanza mwaka 1969, lina kampeni tangu 2006 ya kuwahimiza manesi wa hospitali wawape wagonjwa dawa kwa saa zao. Ukilazwa, wape saa hizo kwa maandishi mlangoni.

Juu ya Ramadhani ninaulizwa sana. Kidonge kila saa nne mchana hakikubali saumu, na bingwa alisema hivyo bila ya kuzungushazunguka. Tulimwendea sheikh wetu, akasema alichokisema bingwa kwa dalili nyingine. Mke wangu hakuacha kufunga tangu alipobaleghe. Mwaka huu tumetoa fidia, na jioni alikaa nasi mezani, akatugawia tende kwa mkono wa kushoto.

Na upupu. Naam, upupu ule ule tuliokuwa tukirushiana shuleni tukajikuna mpaka damu. Jamaa mmoja wa Mombasa ametuletea unga wa mbegu zake, amesikia unatibu. Nikadhani ni mzaha, nikamwuliza nesi wetu wa Parkinson. Si mzaha. Mbegu za upupu zina levodopa ndani yake hasa. Ndiyo sababu hauchanganywi na vidonge: katika kijiko cha unga huwezi kujua kipimo kimeingia kiasi gani, na levodopa ikizidi mwili unaanza kujinyonganyonga wenyewe au mtu anaona visivyokuwapo. Unga tunao kabatini bado, umefungwa. Mleta zawadi asihuzunike.

Miadi inayofuata ni mwezi wa Machi. Bingwa ametwambia kuwa kila baada ya miezi sita au mwaka ataliuliza upya jina la ugonjwa lenyewe, asije akalizoea.

Ule ukurasa tulioupeleka siku ya kwanza, wa tarehe na dalili, nimeuandika upya ukiwa mtupu, kwa Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, pamoja na yale maneno matatu ya kizunguzungu na nafasi ya kuandika dawa zote, hata za kuletewa. Nakala ziko nyumbani kwetu. Walio mbali waniarifu kupitia wahariri, nitawapelekea.